Siku Kulabu Ilipokuwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigiwa kelele kabla sijasalimia mtu. Niliingia karakana kwa mlango mdogo wa upande, kofia mpya ya plastiki kichwani, nikasimama katikati ya ukumbi kutazama paa, maana nje ya kanisa sikuwahi kuona paa la juu namna ile. Mtu mmoja akanishika kola ya shati na kunivuta nyuma hatua tano. Pale nilipokuwa nimesimama, juu kabisa, kulikuwa na gurudumu la chuma linaning'inia kwenye minyororo, likizunguka polepole bila sauti yoyote.

"Weye, unatafuta kufa?" aliniuliza. "Siku ya kwanza! Ungengojea hata mushahara moja."

Huyo aliyenivuta alikuwa Afisa wa Usalama. Kabla ya kuja karakana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu haukumtoka mpaka alipostaafu. Mfukoni alibeba chaki badala ya sigara. Ninamtaja kwanza kwa sababu mambo yote nitakayowaeleza ninyi vijana mnaofunga mizigo leo, nilianza kuyajua kwake.

Karakana yetu ilikuwa hapa Lubumbashi. Tulitengeneza pampu za migodi na vinu vya kusagia mawe. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo sikupewa mashine. Nilifanywa mfungaji wa mizigo. Kazi yenyewe ni hii: kitu kizito kinapotakiwa kuhamishwa, wewe unakizungushia minyororo au kamba ya waya, unatafuta katikati ya uzito wake, unapachika minyororo kwenye kulabu, halafu unamwonyesha dereva kwa mikono ainue. Dereva yuko juu, ndani ya kibanda kidogo cha vioo kilichofungwa kwenye pont. Pont ndiyo kreni inayotembea juu ya reli mbili karibu na paa, kutoka mwisho mmoja wa ukumbi mpaka mwingine. Dereva hasikii maneno yako kwa sababu ya kelele za mashine. Anaona mikono yako tu. Kidole kimoja juu kinachozunguka: inua. Kiganja kinachopiga hewa kwenda chini: shusha. Mikono miwili iliyonyooshwa pembeni: simama, usifanye chochote.

Ukutani kulikuwa na kanuni iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, kila herufi urefu wa mkono: KAMA MZIGO UKO HEWANI, BASI HAKUNA MTU CHINI YAKE.

"Kalenga, soma," Afisa aliniambia asubuhi ile ile.

Nikasoma.

"Muzuri. Sasa unionyeshe namna ya kuivunja."

Nilifikiri ni mtego. "Mi siwezi kuivunja, Shefu."

"Sikukuambia uivunje. Nakuuliza namna. Mwenye hajui namna kanuni inavunjika, hajui kanuni. Anajua kuimba tu."

Akapiga magoti, akachora kwa chaki vyumba vinne sakafuni. Akaingia chumba cha kwanza. "Hapa mzigo uko hewani, na hakuna muntu chini. Imevunjika?" Nikasema hapana. Akaruka chumba cha pili. "Hapa mzigo uko hewani, na muntu iko chini. Sawa weye leo asubui." Nikasema imevunjika. Akaingia cha tatu. "Hapa mzigo umewekwa chini, umelala juu ya mbao. Lakini muntu amesimama pale chini ya kulabu. Imevunjika?"

"Imevunjika," nilisema haraka. "Sababu muntu iko chini ya kulabu."

Alicheka mpaka mafundi wawili wakageuka. "Kanuni inasema kulabu? Rudia kusoma."

Nilisoma tena. Ilisema mzigo, na ilisema hewani.

"Kanuni hii inaamka wakati mzigo unaondoka chini," alisema. "Kabla ya ile, imelala. Na yenye kulala haiwezi kuvunjika."

"Donc, basi muntu anaweza kukaa pale?"

"Ni upumbavu kukaa pale. Lakini upumbavu ni ingine, na kuvunja kanuni ni ingine. Ukichanganya hivi viwili, siku moja utafukuza muntu bure." Halafu akaingia chumba cha nne, ambamo hakukuwa na mzigo hewani wala mtu, akasimama humo kama mtu aliyefika nyumbani. "Na hapa?"

"Hapa hakuna kitu, Shefu."

"Hakuna kitu, na hakuna kosa. Kwa vyumba vinne, ni kimoja tu: kile chenye sehemu ya kwanza ya kanuni imetokea, na ya pili haikutokea. Vingine vyote, uache bantu bafanye kazi."

Nilidhani ni mchezo wa mwalimu wa zamani aliyekosa wanafunzi. Sikujua bado kwamba chumba cha tatu kitanitoa jasho mbele ya Injinia.

Dereva wa pont alikuwa mwanamke, wa pekee katika ukumbi ule. Jina lake Odette. Sasa ni mwaka mmoja na miezi minne tangu tumzike, na mkono wangu bado unapata uzito ninapoliandika jina hili. Lakini sikukaa kuandika ili niwatie huzuni, kwa sababu yeye mwenyewe hakuipenda huzuni ndefu. Alikuwa mfupi, na ili aone vizuri chini alikalia mto wa kitenge alioushona mwenyewe. Alishusha pampu ya tani tatu juu ya mbao kama mama anayemlaza mtoto. Miezi ya kwanza hatukuzungumza hata mara moja. Alipanda ngazi kabla sijafika na kushuka wakati mimi nimekwisha kwenda kunawa. Nilimwonyesha mikono tu, naye akajibu kwa kulabu.

Baada ya muda niligundua kwamba anajibu zaidi ya nilichomwomba. Nikimwambia shusha, anashusha, halafu kulabu inatikisika kidogo, mara mbili, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Tambwe, fundi wa pampu ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kuwachunguza wenzake, aliliona kabla yangu.

"Yaya Kalenga, kulabu inakusalimia," aliniambia, akinitania kwa jina la kaka mkubwa.

"Ni upepo."

"Upepo ndani ya karakana? Mi kwangu ule upepo haufikake."

Mwaka ule, katika karakana nyingine ya mji, mtu alifia chini ya mzigo. Sikuwahi kumjua, lakini wiki nzima tulifanya kazi bila kuimba. Injinia, aliyekuwa mkubwa wetu wote, akatoa amri: yeyote atakayevunja kanuni ile nyekundu ataacha kazi siku hiyo hiyo. Na kama ni pont, lawama ni ya dereva, kwa sababu yeye anaona ukumbi mzima kutoka juu. Kwa Odette hilo halikuwa jambo dogo. Baba yake alikuwa ameumia miguu na hakufanya kazi tena, na wadogo zake watatu walikuwa shuleni. Nyumba yao huko Katuba ilikula kutoka ndani ya kile kibanda cha vioo.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Tuliweka mota ya pampu juu ya mbao. Nilifungua minyororo kwa mikono yangu, nikamwonyesha ainue kulabu tupu. Ikapanda, minyororo ikining'inia. Tambwe akaja na hindi lake la kuchoma, akaweka sanduku chini ya kulabu, mahali palipokuwa na mwanga mzuri, akakaa kula. Odette aliitwa mwisho wa pili wa ukumbi, akaanza kuitembeza pont. Wakati huo huo Shefu wa Karakana aliingia kwa mlango mkubwa, jua liko machoni mwake. Aliona kulabu juu, minyororo inayumba, mtu chini, na pont inatembea.

"Simamisha!" alipaza sauti, mikono miwili imenyooshwa pembeni. "Teremuka! Kazi imeisha!"

Odette akashuka ngazi moja moja mbele ya watu wote. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine hauna.

Tuliitwa ofisini kwa Injinia saa ile ile: Shefu wa Karakana, Afisa wa Usalama, Odette, Tambwe na mimi. Tambwe alikuwa bado ameshika gunzi.

"Shefu, uliona nini?" Injinia aliuliza.

"Niliona muntu chini ya kulabu, na pont inatembea. Inatosha."

"Uliona mzigo hewani?" aliuliza Afisa wa Usalama.

"Minakuambia kulikuwa muntu chini."

"Muntu nimesikia. Nauliza mzigo."

"Kulabu iko juu, minyororo iko inacheza, muntu iko chini. Sasa mzigo utakuwa wapi?"

"Hiyo njo ulizo yangu."

Injinia akanigeukia. Nilisema nilichojua: mzigo ulikuwa juu ya mbao, mimi mwenyewe niliufungua, na kulabu ilikuwa tupu. Kwa hiyo kanuni nyekundu haikuvunjika. Tambwe alikaa pabaya, lakini hakukuwa na mzigo juu yake.

Shefu wa Karakana akapiga meza. "Eh! Atasema nini ingine? Karakana muzima inajua kama huyu bwana anapenda huyu mama!"

Tambwe akapaliwa na punje za hindi zilizobaki mdomoni. Odette alitazama sakafu. Wote walinitazama mimi, na mimi sikujua namna nyingine ya kujibu.

"Ni kweli," nilisema.

"Nini njo kweli?" Injinia aliuliza.

"Ninamupenda."

Nilikuwa sijamwambia mwenyewe. Nilimwambia Injinia kwanza, mbele ya mashahidi watatu na gunzi moja.

Injinia alivua miwani. Akasema kwa upole kwamba basi maneno yangu hayana uzito, maana mtu mwenye kupenda husema anachotaka kiwe. Alikuwa na haki. Nilitazama mikono ya Odette, jinsi alivyoishika pamoja, nikajua kwamba kazi yake inaondoka na hakuna mwingine aliyeona mbao zile kwa karibu. Tambwe alikuwa anatazama gunzi lake.

"Kuna kitu ingine?" Injinia aliuliza, kama mtu anayetaka kufunga daftari.

Hapa naomba mnielewe. Kilikuwepo kitu kingine. Tulikuwa na kanuni ya pili, imeandikwa ndani ya kibanda cha dereva: kama pont inatembea, basi kengele inalia. Kengele hiyo dereva aliikanyaga kwa mguu. Siku ile pont ilitembea, na kengele haikulia. Sehemu ya kwanza ilitokea, ya pili haikutokea. Hiki kilikuwa chumba cha pili, hakuna ubishi. Shefu hakukigundua. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Ningeweza kusema "hapana, hakuna kingine" na kutoka. Lakini neno hilo lingekuwa uongo, na mimi nikishasema uongo sili vizuri siku nyingi.

"Iko kitu ingine," nilisema. "Kengele haikulia. Kanuni ya kengele, ile ilivunjika. Nilikuwa pale, sikuisikia."

Odette aliinua uso. Sitalisahau jicho lile. Hata Shefu wa Karakana alifungua mdomo na kuuacha wazi.

"Kengele nani alikuuliza?" Injinia alisema.

"Uliuliza kama kuna kitu ingine."

Injinia akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo. "Shefu," alimwambia Shefu wa Karakana, "huyu amependa muntu, na amemuletea kosa yenye sisi hatukujua. Sasa muniambie, muntu sawa huyu atadanganya juu ya mzigo?"

Tulikwenda sote kutazama ile mota. Ilikuwa pale pale juu ya mbao, imetulia, na glovu zangu juu yake nilipozisahau. Hukumu ikawa fupi. Kanuni nyekundu haikuvunjika, Odette anabaki kazini. Kanuni ya kengele ilivunjika, Odette anakaa nyumbani siku tatu bila mshahara. Tambwe kuanzia siku hiyo angekula mahindi yake nje.

"Na kengele haikulia juu ya nini?" Injinia alimuuliza Odette.

"Ni kiatu, Injinia. Nilinunua mupya ya kwaya, inanifinya. Nikaivua. Na kile chuma cha kengele iko moto sawa jiko."

Nje ya ofisi nilitaka kumwambia pole. Alinipita kama nguzo. "Weye!" alisema tu, na sauti ile ilikuwa na mambo mengi ndani yake ambayo sikuweza kuyatenganisha.

Siku tatu alizokosekana nilifunga mizigo vibaya. Siku ya nne alirudi. Alipanda ngazi, akakalia mto wake, akaitembeza pont, na kengele ikalia. Ikalia tena. Ililia kutoka mwisho wa kwanza mpaka mwisho wa pili, na kurudi, na kwenda, asubuhi nzima, hata pont iliposimama. Kanuni haikukataza kengele kulia wakati pont imesimama, na yeye alilijua hilo vizuri sana. Mafundi waliziba masikio. Tambwe alicheza ngoma peke yake kati ya pampu mbili. Shefu wa Karakana alitoka ofisini, akatazama juu, akatazama kwangu, akarudi ndani na kufunga mlango. Nadhani alikuwa anacheka.

Mchana Odette alinikuta kwenye bomba la maji.

"Ulisemaka kitu mule ndani ya biro ya Injinia."

"Kengele. Pardon, Odette, mi nilikuwa..."

"Kengele gani! Ile ingine."

"Ah. Ile."

"Ni kweli?"

"Nilisema mbele ya Injinia."

"Mi njo Injinia? Uniambie mi."

Nikamwambia. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika na hakuna aliyeyafunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba yangu akikubali, tutaoana," akapanda ngazi yake.

Wiki nzima sikulala vizuri. Niliamini amesema kwamba baba yake akikataa, hatutaoana. Mwisho nilimpelekea Afisa wa Usalama neno hilo kama mgonjwa anayepeleka jino. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Alikuambia kitu juu ya baba kukataa?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unalia kwa kitu chenye hakusema? Amefungua mulango moja. Ile ingine hakuigusa, haikufungwa, haikufunguliwa. Uende kwa baba."

Nilikwenda Jumapili, na shati jeupe. Mzee alikuwa amekaa sebuleni, miguu juu ya kiti kidogo, mkononi bilauri ya munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi. Hakuniuliza kabila wala mshahara. "Weye njo ulisemaka kengele?" aliuliza. "Ndiyo, baba." Akanywa polepole. "Mutoto yangu alilia siku moja, na siku mbili akacheka. Ukae."

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Odette angefanya nini kama mzee angekataa. Alikuwa anasonga bukari, hakuacha mwiko. "Ningeolewa na weye vilevile, muntu bure weye." Nikawaza kwamba wiki ile yote ningaliweza kulala.

Nilihamishwa baadaye kwenye uwanja wa vyuma uliokuwa njia ya Kinsevere. Pale hapakuwa na paa. Tulikuwa na kreni ya magurudumu, vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope mekundu wakati wa mvua. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Uwanja, mtu mcheshi aliyependa zawadi na vyeti. Kila mwezi ofisi kuu iliupa mbuzi uwanja ambao kanuni haikuvunjwa. Mwezi mmoja tukashinda. Msimamizi alitukusanya kutangaza kwamba mwezi mzima, katika uwanja wake, hakuna mtu aliyesimama chini ya mzigo ulio hewani. Alinipa karatasi nitie sahihi kama mfungaji mkuu.

Niliisoma mara mbili. Ilikuwa kweli. Lakini kreni yetu ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza ya mwezi. Tulikuwa tunangojea kipande cha injini.

"Msimamizi, hatukuinua kitu hata moja."

"Kanuni ilivunjika?"

"Hapana. Ililala mwezi muzima."

"Karatasi inasema uongo?"

"Haisemi uongo."

"Basi tia sahihi, Papa Kalenga, mbuzi anangojea."

Nilitia sahihi, maana hakukuwa na uongo. Chini yake niliandika kwa herufi ndogo: kreni haikufanya kazi. Ofisi kuu ilisoma herufi zangu ndogo, ikacheka, ikatuachia mbuzi hata hivyo, na ikaleta kipande cha injini wiki ile ile, kitu ambacho barua sita za Msimamizi hazikuweza. Msimamizi alinipa mguu wa nyuma wa mbuzi. Tangu siku ile nimewaonya wafungaji vijana: mtu akijisifu kwamba hajavunja kanuni, muulize kwanza kama imewahi kuamka. Anaweza kuwa msema kweli, na bado hujajua kama ni mfanyakazi mzuri.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa karakana ya mjini kufundisha. Afisa wa Usalama alikuwa amekwisha kustaafu na chaki ikawa yangu. Vijana wote walikosea mahali pale pale nilipokosea mimi, kwenye chumba cha tatu, na niliwapenda kwa hilo. Odette alibaki kwenye pont mpaka macho yalipomchosha. Tulifanya kazi pamoja tena, mimi nikiwa na mvi na yeye na miwani, na kulabu ilizidi kunisalimia mbele ya wanafunzi wangu. Tulistaafu mwaka mmoja. Tulilima mboga ya lengalenga na nyanya nyuma ya nyumba, tukagombana juu ya kunyeshea. Kwa kazi hii nilipata vitu vitatu: mgongo mbovu, jina safi, na mke. Nisingeirudisha hata siku moja.

Moyo wake ulianza kuchoka wakati wa mvua za mwaka juzi. Hospitalini aliniambia, akiwa amelalia ubavu na kunishika kidole kimoja: "Nikitoka hapa, tutaenda Kasomeno kwa yaya Astride. Tutakula samaki mubichi mpaka uchoke." Dada yake Astride anauza samaki Kasomeno, wanaoletwa kutoka upande wa Kasenga, na kwa miaka mingi tulikuwa tunaahirisha kumtembelea. Odette alimpigia simu, akamwambia vilevile. Hakutoka pale akiwa hai.

Kwenye matanga Astride alilia kwa maneno, kama wanawake wa kwao wanavyolia. "Odette, ulinidanganya! Uliniambia mutakuya! Nilikuwekea na kitanda!" Mimi ni mtu wa kukaa kimya, siku zile zote nilikuwa kwenye kona yangu na watu waliniheshimu kwa hilo. Lakini neno lile sikuweza kuliacha lipite. Nilisimama, nikaenda kukaa kando yake kwenye mkeka.

"Yaya, hakukudanganya."

"Alisema mutakuya."

"Alisema akitoka. Hakutoka. Neno yake ingekuwa uongo kama angetoka, halafu tusikuye. Haikufika pale. Miaka yote tuliishi naye, hakunidanganya hata moja, na hii pia haiko uongo."

Alinitazama, machozi yakamtoka zaidi, lakini hakurudia neno lile. Usiku ule, baada ya siku nyingi, niliweza kulia.

Kiangazi kilipoingia nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, anayepeleka sabuni na chumvi njia ya Kasenga. Dereva aliniweka mbele, akanisimulia habari za watoto wake tisa. Astride aliponiona nashuka Kasomeno na mfuko wangu, alidondosha kisu cha samaki.

"Shemeji! Lakini Odette alisema akitoka. Hakutoka. Sasa unakuya juu ya nini?"

"Njaa, yaya," nilimwambia. "Na neno yake hainikatazi."

Aliinama kuokota kisu, akilifikiria. Kisha kicheko kikamshika, akaegemea meza ya samaki, na wauzaji wenzake wakaja kuuliza kuna nini, naye hakuweza kuwaeleza. Alinikaangia samaki wawili wakubwa. Nilipomaliza akaniuliza kama nimechoka, nikamwambia ukweli, bado. Akaniongezea wa tatu.